Tamasha la Kirumba: msanii kajaza sado, waandaaji wamepima kwa kopo lililobonyezwa

Nianze na hela, maana mimi ni mfanyabiashara. Kiingilio cha mzunguko, yaani kwenye ngazi za kawaida za uwanja, kilikuwa shilingi 15,000 ukinunua mapema kwa simu, na 20,000 ukinunua getini. VIP ilikuwa 60,000. Tulikwenda watatu: mimi, mdogo wangu anayeishi Sengerema, na mwanawe wa kiume aliyemaliza kidato cha sita. Yaani 45,000 zilishatoka kabla hatujanywa hata maji. Kwa bei niliyokuwa nauzia wiki ile pale Mwaloni, soko letu la samaki hapa Mwanza, hizo ni sado tano (yale makopo ya kupimia) za dagaa waliokaushwa kwenye kichanja, weupe, wasio na mchanga hata punje. Mtu akiondoka na sado zangu tano, na mimi nina haki ya kukipekua alichonipa. Ndiyo maana naandika.

Jina la msanii sitalitaja. Mnajua wenyewe mambo ya timu za mashabiki wa wasanii. Nikimsifia, timu ya pili watanishukia. Nikimkosoa kidogo, timu yake watanitukania mpaka marehemu bibi yangu. Mimi nina wateja wa timu zote mbili na wote wanakula dagaa. Aliyekuwepo anamjua, asiyekuwepo aulize.

Kwanza niseme nilipataje nafasi ya kwenda, kwa sababu mtu wa dagaa hana Jumamosi. Wasioijua biashara yetu hawajui kwamba dagaa huvuliwa gizani. Wavuvi wanawasha taa juu ya maji, dagaa wanaifuata taa, wavu unapita chini. Mbalamwezi ikiwa kubwa ziwa lote ni taa, dagaa wanatawanyika, na mitumbwi inalala nchi kavu siku kadhaa. Tamasha likaangukia siku hizo hizo. Sidhani waandaaji walipanga, lakini kama walipanga, hapo nawapa heko, maana nusu ya mzunguko walikuwa watu wa Mwaloni na wa visiwani: wavuvi waliolipwa, wanawake wa vichanja, wabeba mizigo, hata yule mzee anayeshona magunia. Nilisalimia mpaka mkono ukachoka.

Mdogo wangu naye alifika kirahisi. Zamani kutoka Sengerema kuja mjini jioni ilikuwa ni kuomba kivuko kikukute vizuri pale Busisi, na kama foleni ya malori ni ndefu, unakaa. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, unapita umekaa kwenye gari lako unakula karanga. Alifika kwangu saa saba mchana, nywele zimesukwa upya, akaniambia, "Dada, na hilo gauni ndilo unakwenda nalo?" Nikabadilisha.

Tangazo lilisema milango saa nane mchana, burudani saa kumi na mbili jioni. Tukafika Uwanja wa CCM Kirumba saa tisa na nusu, kwa miguu, maana mimi nakaa karibu. Milango imefungwa. Foleni ilikuwa imejikunja mara tatu kama mkeka. Saa kumi na robo wakafungua geti moja. Narudia, moja, kwa watu wa mzunguko wote. Ujumbe wa tiketi ulikuwa kwenye simu ya kijana wetu, na pale getini kuna mabinti wawili wenye mashine ya kusoma ule mraba wa vidoti. Kila watu kumi, mashine inaganda. "Mtandao unasumbua, mvumilie." Nikajiuliza, watu elfu na elfu wote wana simu mkononi wanajipiga picha na kuzituma, mtandao utaachaje kusumbua? Hilo mtu mzima anayeandaa shughuli anatakiwa alijue siku moja kabla. Mimi nikijua meli ya mzigo inaingia alfajiri, siendi kutafuta wabebaji alfajiri hiyo hiyo.

Tulifika getini saa moja kasoro usiku. Wakatufunga bangili za karatasi mkononi, ya kwangu ya kijani, ikakatika kabla sijafika kwenye ngazi. Nikaishikilia kwenye kiganja usiku kucha kama hirizi.

Sasa sikilizeni habari ya dagaa. Nilikuwa nimekaanga dagaa asubuhi ile, wakavu wa kukatika mdomoni, nikawatia pilipili ya kusaga, chumvi na limao, nikafunga kwenye mfuko wa karatasi. Chakula cha watu watatu. Dada wa ulinzi akanipekua mkoba, akatoa chupa ya maji, akaitupa kwenye pipa. Sawa, chupa naelewa, watu hurusha. Akatoa mfuko. Akafungua. Akanusa. "Mama, chakula cha nje hakiruhusiwi." Nikamwambia, "Mwanangu, hawa ni dagaa, siyo bomu." Hakucheka. Akampa mwenzake wa kiume aliyesimama nyuma yake, jamaa mrefu mwenye ile spika ya mkono ya kuamrishia foleni, inayofanana na za wauza sumu ya panya mtaani. Yule jamaa hakuutupa mfuko kwenye pipa. Aliuweka kwapani, taratibu, kama mtu anayeweka Biblia. Nikamwona na yeye akaona nimemwona.

Ndani, maji ya nusu lita yanayouzwa 500 dukani yalikuwa 2,000. Choo cha wanawake ni vyumba vinne vya kuhamishika walivyovileta waandaaji, na kufikia saa mbili usiku kimoja kilishaziba na kufungwa kwa kamba. Foleni yake sikuipima kwa saa, niliipima kwa nyimbo: chipukizi mmoja alipanda, akaimba nyimbo tatu, akashuka, na mimi bado kuna watu sita mbele yangu. Sitaendelea na habari za choo.

Chakula, kwa haki, kilikuwa na mtu mmoja wa kusifiwa: mama mmoja pembeni ya ngazi za mzunguko aliyekuwa anachoma sato na ndizi. Sato mmoja wa wastani 12,000. Ghali, ndiyo, ila alikuwa amechomwa na mtu anayemheshimu samaki, ngozi imeshikana, ndani bado kuna maji yake. Nilimwambia huyu ni wa kizimba, wa kufugwa, tumbo lina mafuta mengi. Akanitazama akasema, "Na wewe ni wa Mwaloni." Tukacheka, akaniongezea ndizi. Chipsi za upande wa pili mdogo wangu alizionja akarudisha.

Burudani ya saa kumi na mbili ilianza saa mbili na dakika ishirini. Mshereheshaji alituuliza mara kumi na saba kama tupo. Kijana wetu alihesabu. Chipukizi sita walipanda, na wote sita waliimba juu ya CD: sauti inatoka yenyewe kwenye spika, mtoto anarukaruka na maiki mbali na mdomo, wimbo unaisha yeye bado yuko hewani. Siwalaumu sana, nadhani hawakupewa hata muda wa kujaribu mitambo. Lakini kiingilio hakikusema "njooni msikilize simu".

Hapo ndipo nilipogundua jambo lililonisumbua kwa saa mbili. Steji ilijengwa nyuma ya goli la upande mmoja, na sisi wa bei ya chini tulikuwa upande wa goli la pili. Kwenye steji kulikuwa na skrini mbili kubwa. Mtoto kwenye skrini anafumba mdomo, neno linakuja baadaye. Densa anakanyaga chini, ngoma inalia mguu umeshanyanyuka. Mdogo wangu akasema skrini ni mbovu. Nikamwambia hapana, hii mimi naijua. Ukikaa ufukweni asubuhi ukatazama mafundi wanaounda mtumbwi ng'ambo ya ghuba, unaona nyundo inashuka kimya kimya, inapanda tena, ndipo "ko!" inakufikia. Macho hayasubiri, masikio yanasubiri. Kijana wetu, aliyesoma fizikia na anayependa kutukumbusha, akasema: "Mama mkubwa uko sahihi, sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Uwanja una mita mia na kidogo, kwa hiyo tunachelewa theluthi ya sekunde." Theluthi ya sekunde ukiisema ni ndogo. Jaribu kupigia makofi wimbo unaochelewa theluthi ya sekunde huku ukitazama mikono ya aliye mbele. Mzunguko mzima tulikuwa tunapiga makofi kama kuku wanaodonoa bati.

Alitueleza pia kwamba kwenye matamasha makubwa ya viwanjani, yale ya bendi za roki za Wazungu zinazojaza uwanja wa mpira, anazozitazama kwenye simu, wanasimamisha minara ya spika katikati ya uwanja, na ile minara inacheleweshwa makusudi kwa mtambo ili sauti yake iendane na ile inayotoka steji. Wa nyuma naye anasikia kama wa mbele. Hapa kwetu spika zote zilikuwa steji, zimeelekezwa VIP. Pale VIP watu walikuwa wanaziba masikio. Sisi tulikuwa tunayategesha kwa viganja.

Halafu kwenye saa nne upepo ukageuka. Mtu wa ziwa hahitaji kuambiwa: mchana upepo unatoka majini kuja nchi kavu, usiku unatoka nchi kavu kwenda majini, na ndio wavuvi wanautumia kutokea. Ulipogeuka ukaichukua ile sauti kidogo tuliyokuwa nayo ukaipeleka ziwani. Jirani yangu ambaye hakununua tiketi aliniambia kesho yake kwamba alisikia kila neno akiwa kitandani kwake. Bure. Akanitajia mpaka nyimbo kwa mpangilio wake. Nilitamani kumdai nusu.

Msanii mwenyewe alipanda saa sita kasorobo usiku. Nilikuwa nimeshaamua kuondoka. Miguu inauma, mdogo wangu anasinzia begani kwangu, na kesho yake kuna kanisa. Kisha taa zote zikazimwa, ukabaki mwezi tu, ule ule uliotukosesha dagaa, na gitaa likaanza peke yake.

Hapa lazima nisimame. Tulizoea kwamba mkubwa akija Mwanza anakuja na DJ na vijana wawili wa kucheza. Huyu alikuja na bendi kamili. Gitaa la solo, gitaa la mpangilio, besi, kinanda, ngoma za miguu na mikono, mpiga tumba mzee mwenye kofia ya baraghashia, wapiga tarumbeta wawili na wadada watatu wa kuitikia. Marehemu baba alikuwa na santuri za mpiga gitaa wa zamani Mbaraka Mwinshehe na alikuwa akituambia kwamba bendi ni kama mtumbwi, huwezi kupiga kasia peke yako ukafika. Sikuwahi kumwelewa kwa sababu nilikua nikisikia redio tu. Usiku ule nilimwelewa. Lile gitaa la solo liliachiwa likalia mpaka likawa linakwaruza, linafoka, roki kabisa, kisha mzee wa tumba akaingia chini yake polepole na ghafla lile lile gitaa likageuka sebene, na wanawake wa Mwaloni, watu wazima, wenye wajukuu, wakasimama. Mdogo wangu aliyekuwa anasinzia alikuwa ameshavua viatu.

Na alikuwa anaimba kweli. Unajua kwa sababu alikosea. Kwenye wimbo wa pili alisahau ubeti, akacheka, mdada mmoja wa kuitikia akambeba. CD haisahau.

Lakini kule nyuma bado tulikuwa tunasikia vipande vipande. Kwenye wimbo wa nne sijui wa tano, watu wa mzunguko wakaanza kuimba wimbo wao wenyewe: "Ha-tu-si-ki-i! Ha-tu-si-ki-i!" Mwanzoni wachache, kisha ngazi nzima, kwa mapigo, kwa miguu. Mshereheshaji akachukua maiki akasema, "Nawaona mashabiki wa nyuma wanavyoshangilia!" Mungu amsamehe.

Msanii hakudanganyika. Akasimamisha bendi kwa mkono. Akauliza wanasema nini. Mtu akamnong'oneza. Akaruka chini kutoka steji, na maiki yake isiyo na waya, akaanza kutembea kuja kwetu, uwanja mzima, huku bendi ikianza tena wimbo nyuma yake. Walinzi wanakimbia pembeni kama vifaranga. Alipofika katikati bado anaimba sawa. Akizidi kuja, akaanza kupotea. Kile kidude cha sikioni kinachomletea bendi kilikuwa kimekata mawimbi, nilimwona anakigonga, kisha akakichomoa, na sasa akawa anawasikia wenzake kama tunavyowasikia sisi: wamechelewa. Yeye anaimba, wao wanamfuata nyuma. Anapunguza mwendo awasubiri, nao kule steji wanamsikia amepunguza, wanapunguza. Wimbo ukalegea mpaka ukafa katikati ya neno. Akageuka akaitazama steji. Akatugeukia sisi. Akasema kwenye maiki, "Kumbe huku mnasikia hivi? Tangu saa ngapi?"

Ngazi nzima ikajibu, "Tangu saa tisa!"

Maiki nayo ikaanza kukwaruza, ikakata. Umbali. Hapo akafanya kitu ambacho nikifa nitakwenda nacho. Akaita mtu wa gitaa aje na lile gitaa la mbao lisilotaka umeme, akamwita mzee wa tumba, na mzee yule alikuja anatembea uwanja mzima, tumba begani, bila haraka, kama anakwenda kuchota maji. Msanii akatazama huku na huku, akamwona jamaa mrefu wa ulinzi mwenye spika ya mkono. Akamnyooshea mkono. Jamaa akasita, akaipangusa kwenye suruali, akampa. Msanii akaiweka mdomoni, akaiondoa haraka. Akainusa. Akairudisha mdomoni akasema, uwanja wote kimya:

"Jamani, hii spika inanukia dagaa wa pilipili!"

Kelele zilizopigwa pale sijawahi kuzisikia hata timu ya nyumbani ikifunga. Kule ni Mwanza, mzunguko umejaa watu wa Mwaloni, na anasema dagaa! Mimi nilikuwa nimesimama juu ya benchi napiga kelele, "Ni wangu! Ni wangu hao!" Mdogo wangu amelala chini kwa kicheko. Jamaa wa ulinzi alinitafuta kwa macho akanipata, akaweka mkono kifuani kama anaomba radhi.

Wakapiga nyimbo tatu pale pale, mbele ya goli, gitaa moja, tumba moja na spika ya sumu ya panya. Sauti ya ile spika mnajua ilivyo, inatokea puani. Lakini ilikuwa inafika pamoja na mdomo wake. Neno na mdomo, pamoja. Baada ya saa nane za kuchelewa kila kitu, chozi lilinitoka, na siyo la huzuni wala la furaha, nadhani lilikuwa la masikio.

Sasa tazama kilichotokea upande wa pili. Mimi ni mzaliwa wa Kisesa, na tulipokuwa wadogo mwezi Juni tulikuwa tunakwenda Bujora kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, za Wagalu na Wagika. Asiyejua: makundi mawili yanacheza wakati mmoja, uwanja mmoja, na mwamuzi ni miguu ya watazamaji. Hakuna kiti cha mtu. Kundi moja likitoa jambo, nyoka au jembe linalorushwa hewani na kudakwa, watu wanalikimbilia, na lile lingine linabaki linachezea vumbi. Kwenye tamasha la tiketi jambo hilo halipo, umenunua sehemu yako umefungiwa hapo, uburudike usiburudike. Basi usiku ule nikaona Bulabo Kirumba. Wale wa VIP, wa 60,000, wenye viti vya kufunikwa vitambaa vyeupe na chupa mezani, walibaki wanaitazama steji iliyo na mpiga kinanda mmoja anayekunywa maji. Wakavumilia wimbo mmoja. Wimbo wa pili ulipoanza wakaruka kamba. Mashati yamepigwa pasi, viatu virefu mkononi, wanakimbia kuja kwetu sisi wa bangili za kijani. Dada mmoja mwenye wigi jekundu aliniomba nisogee kidogo kwenye benchi apate nafasi. Nikamwuliza, "Umelipa shilingi ngapi, mwanangu?" Akasema sitini. Nikasogea.

Baadaye akarudi steji, akamaliza na bendi mpaka saa nane kasoro, fataki zikapigwa, kila kitu kikawa kama kinavyokuwa. Ilikuwa nzuri, lakini hakukuwa tena na kitu cha kuongeza. Watu wengi wa VIP walibaki kwetu.

Kutoka nje ilikuwa mbaya kuliko kuingia, na hili nalisema bila mzaha. Geti ni lile lile moja. Watu wote wanasukuma, nyuma hawajui kuna nini mbele, mbele hawawezi kurudi. Nilimweka mdogo wangu mbele yangu nikamwambia akunje mikono kifuani kama anamkumbatia mtoto, apate nafasi ya kupumua, na asiiname hata kama kiatu kimetoka. Kiatu kilitoka. Tuliona mtoto wa miaka kama kumi ananyanyuliwa juu juu, mkono kwa mkono, mpaka ng'ambo ya ukuta. Hakuna mlinzi hata mmoja aliyekuwa anaongoza, na ile spika, sasa ndipo ingekuwa na kazi, sijui ilikuwa wapi. Mwishowe vijana wenyewe walisukuma geti la magari likafunguka na watu wakamwagika. Waandaaji, mnaweza kukosea maji na choo tukawatania. Mageti hatutanii. Fungueni yote dakika kumi kabla ya wimbo wa mwisho, na mweke mtu wa kusema "huku, huku" kila kona.

Bodaboda waliosubiri nje walikuwa wanadai 5,000 mpaka katikati ya mji, safari ya 1,500 mchana. Sisi tulitembea. Mdogo wangu kiatu kimoja mguuni, kingine hakijulikani.

Mkitaka alama, msanii na bendi yake nawapa tano juu ya tano, na hiyo ni sado iliyojazwa mpaka imefanya kilima, ile tunayoipiga kwa kiganja na bado inamwagika. Waandaaji nawapa moja na nusu. Wanajua mchezo mmoja unaochezwa sokoni: kopo unalibonyeza kitako kwa ndani, kwa mteja linaonekana limejaa, kumbe chini ni hewa. Tangazo lilikuwa limejaa. Nusu niliyoongeza ni ya kumleta mtu na bendi, kwa sababu gharama ya kuwasafirisha watu kumi na moja na vyombo mpaka kanda ya ziwa si ndogo na wangeweza kuleta DJ wakapata hela ile ile.

Nitarudi mwakani? Kama ni bendi, nitarudi. Nitachukua mzunguko tena. Kwenda VIP kukaa mbele ya spika nimeona hakuna maana. Nitakula nyumbani kwanza, nitavaa raba zenye kamba, na bangili nitaishonea uzi. Mwenye mtoto mdogo amwache nyumbani.

Jumatatu nilikwenda Mwaloni sina sauti kabisa. Mteja wangu wa Kongo, anayechukua magunia, alinitajia bei ya kunionea na nikashindwa kumkatalia kwa mdomo, ikabidi niketi juu ya gunia nikunje mikono mpaka akapanda. Kijana wetu alikuwa amerekodi ile sehemu ya spika, lakini kwa kelele zilizokuwepo neno la dagaa halisikiki hata kidogo. Anaonekana tu msanii ameshika spika ya mkono, anainusa, anacheka. Nimeiweka kwenye stetasi yangu, chini nimeandika "Dagaa wa mama, wa kukaanga, tunapokea oda". Mpaka jioni watu kumi na wanne walikuwa wameuliza bei.